Upande wa Kushoto wa Ukuta

Molo, Iloilo
Jumanne

Kwako mdogo wangu Felmar,

Jumapili iliyopita, kule Cebu, tulipoteza fainali ya mchezo wa kisahani, kumi na mbili kwa kumi na tano. Wewe nilikuwa nimekupoteza tangu Januari. Nimeyatanguliza haya mawili kabla ya salamu ili usije ukadhani nimeshika kalamu kwa ajili ya kujuliana hali tu.

Sasa salamu. Natumaini kazi ya kupokea simu za Wamarekani usiku kucha haijakumaliza, na kwamba unakula wali, si biskuti. Mimi ni mzima kwa kiasi utakachokisoma huko mbele. Nanay goti linamsumbua kila mvua ikinuia kunyesha, lakini misa ya alfajiri hajaikosa. Anauliza, kama mama yeyote, umepata mtu wa kukufulia au bado unageuza soksi ndani nje. Karakana inakwenda. Tuna mageti manne ya kuchomelea kabla ya Pasaka, na banda linavuja, kwa hiyo mabomba ya mraba nimeyahamishia chumbani kwako. Ukija bila taarifa utalala juu ya chuma.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu wewe hugeuza kila neno kuwa mzaha, na kwa sababu nyingine utakayoiona. Barua anakuletea jirani yetu Wilma, ambaye kesho anapanda ndege kwenda kumwona dada yake Quezon, huko Manila kwenu. Nimemwambia aikabidhi mkononi mwako, si kwa mlinzi wa getini. Jibu nalitaka kabla ya Jumamosi saa sita mchana, maana saa tisa timu inakutana uwanjani na nimeahidi kuwaambia wote ukweli juu yako. Nusu ya ukweli huo ninao. Nusu unayo wewe.

Nitakueleza kwa mpangilio, kama mambo yalivyonijia.

Upepo wa Cebu ulikuwa ule wa ubavuni unaoujua. Kisahani unamrushia mtu, kinamwendea jirani yake. Siku kama hiyo timu inayoshambulia inateseka na timu yenye ukuta inakula. Nasi ukuta tunao. Jumamosi tulishinda mechi zote nne, na katika hizo nne hakuna timu iliyotufunga zaidi ya mara tisa. Vijana walianza kuimba jina la timu yetu, kwamba Talaba ni chaza wa kweli, akishafunga kombe lake hata kisu hakiingii.

Ukuta ulikuwa uleule tuliouchora mimi na wewe kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Mimi mbele, uso kwa uso na mwenye kisahani, namhesabia sekunde kwa sauti, moja mpaka kumi, ikifika kumi hajarusha, kisahani ni chetu. Romel na Ging pembeni yangu kuziba njia. Nyuma yetu mtu mmoja anayeona uwanja wote, kazi yake kutuambia tusogee wapi. Mahali pako hapo nimemweka Jessabel, yule binti aliyejiunga Novemba. Hana mwili, lakini ana sauti ya muuza samaki.

Hujawahi kusimama mbele, Toto, mdogo wangu, kwa hiyo nikwambie. Asiyeishika nafasi ile hajui upweke wake. Wenzako sita wako mgongoni, na mbele yako kuna uso mmoja tu, wa mtu asiyekutakia mema. Pasi inakokwenda huoni. Unaona macho yake, unasikia hesabu yako mwenyewe, na unangoja sauti ya nyuma ikwambie kushoto au kulia. Sauti isipokuja, wewe ni mlingoti uliosimikwa uwanjani.

Kwenye fainali tulikutana na Kanto, timu yako mpya. Waliposhuka kwenye gari lao niliwahesabu. Kumi na sita, wewe hukuwemo. Nahodha wao, Dindo, akaniambia kwa adabu kwamba umebanwa na zamu. Moyoni nikasema, zamu gani hiyo ya Jumapili, mtu amekaa nyumbani kwa aibu. Ging hakuweza kujizuia, akawaambia, ninyi watu wa Manila mmezoea foleni, leo mtapanga foleni mbele ya ukuta wetu mpaka jua lizame. Kasichana kao kamoja kafupi, Kaye, kakamjibu kwamba foleni wanaijua sana, dada, ndiyo maana wanajua na vichochoro. Tukacheka wote. Ningejua nisingecheka.

Kwanza walijaribu kutuchosha. Kisahani kulia, kushoto, tena kulia, pasi fupi fupi, ili ukuta ukimbie mpaka ulegee. Hatukulegea. Wakajaribu kupita juu, upepo ukawanyang'anya, Romel akadaka mara mbili kama anachuma papai. Tukaenda mapumziko nane kwa tano, tukarudi mpaka kumi na moja kwa nane. Hapo Dindo akaomba dakika zake za kushauriana. Wakajikusanya chini ya turubai lao, nami nikawatazama. Walikuwa hawautazami ukuta. Walikuwa wananitazama mimi.

Waliporudi, Kaye alikuja kusimama nyuma ya bega langu la kushoto. Mwenye kisahani akainua macho, akarusha, kisahani kikapita karibu na sikio langu la kushoto mpaka nikahisi hewa yake. Kaye akadaka, na kabla hatujageuka alikwishakirusha mbele kwa mtu aliyebaki peke yake. Bao. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu vivyo hivyo. Kutoka kumi na moja kwa nane, wao walifunga saba, sisi moja, na katika mabao yao saba, matano yalipita katika tundu hilohilo. Mimi ni mtu wa vipimo. Geti likikataa kufunga mara moja ni bahati mbaya. Likikataa mara tano mahali pamoja, kuna mtu alikwenda na futi akalipima.

Niliomba dakika zetu. Nikamuuliza Jessabel amemeza ulimi au vipi, mbona haiti. Akasema, "Manang, dada yangu, nimeita. Nimeita mpaka koo linawaka." Nikamwambia anasema uongo. Unajua uzito wa neno hilo kwetu. Mchezo wetu hauna mwamuzi, kila mtu anajisemea kosa lake mwenyewe na anaaminiwa, kwa hiyo kumwita mchezaji mwongo ni kumvua nguo mbele za watu. Romel akatazama nyasi. Halafu nikasema jambo lililokuwa limenikaa kooni tangu Januari. Nikasema Jessabel hana hatia, Felmar ametuuza. Yeye peke yake anaujua ukuta huu, amewachorea tundu, kisha amejificha nyumbani. Ging akasema, "Manang, usiseme hivyo, ni damu yako." Nikamjibu kwamba damu ndiyo inayojua mshipa ulipo. Tukarudi kufungwa.

Baada ya bao la mwisho tulikaa kwenye duara kama kawaida, mmoja wao, mmoja wetu, mikono mabegani, kila upande useme mema ya mwenzake. Mimi nilisema machache, ya kuazima. Kisha Dindo akasema yake, na ninakuandikia karibu neno kwa neno kwa sababu sijafanikiwa kuyasahau.

Alisema, "Manang Rhodora, ukuta wenu ndio mgumu kuliko wote tuliokutana nao mwaka huu. Tangu Januari tumemsumbua Felmar atuchoree. Amekataa. Tukamwambia basi njoo ucheze tu, usichore. Akasema siku ya Talaba hachezi, hasafiri, na tusimuulize tena. Kwa hiyo tulibaki na macho yetu. Tukakutazama mechi mbili. Tukaona ukiitwa kutoka kulia unasogea kabla neno halijaisha. Ukiitwa kutoka kushoto unabaki palepale. Tukaogopa, tukadhani ni mtego. Kaye ndiye aliyesema, huo si mtego jamani, huyu dada hasikii."

Aliyasema hayo kama mtu anayesifia upishi wa mwenyeji. Nia yake ilikuwa njema, Toto, naapa. Kwenye duara tunafundishwa kumwambia mpinzani alichokifanya na jinsi tulivyokitegua, ndiyo heshima yetu. Lakini mikono iliyokuwa mabegani mwangu ikawa mizito ghafla. Jessabel alikuwa upande wa pili wa duara, ananitazama, hata hasira hana. Dindo alipoziona nyuso zetu akaelewa alichokisema, akababaika, akanivalisha kofia yao kwa niaba ya timu, kwamba mimi ndiye mkabaji bora wa siku. Watu wakapiga makofi. Nikashukuru. Nadhani nilishukuru.

Kwenye meli ya kurudi walikaa wote kwenye mabenchi ya mbele na wali wao wa kwenye majani na nyama ya nguruwe. Waliniachia benchi la watu watatu peke yangu. Sikuwalaumu. Nilikaa na kofia ya Kanto magotini, nikaanza kukupiga hesabu wewe.

Kwenye sakafu ya karakana, alama yako ya chaki ilikuwa katikati kabisa. Mimi ndiye niliyeichora. Lakini miaka mitatu hukusimama hapo hata mara moja. Ulikuwa hatua moja kulia, kila mechi, nami nikikufokea mbona unahama mahali pako, ukisema, "Manang, huku kuna kivuli." Uwanja hauna mti hata mmoja. Mezani ulimhamisha Nanay ili ukae kulia kwangu. Kwenye kigari cha pembeni cha pikipiki ya abiria ulinisukuma nikae kushoto, wewe kulia. Krismasi ulininunulia vizibo vya masikio, nikakushukuru, nikavitumia kuzibia chupa za rangi. Nilidhani una mambo yako ya ajabu. Kumbe kila jambo la ajabu lilikuwa upande mmoja.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari wa masikio, karibu na soko kuu. Aliniingiza kwenye kasanduku kama kibanda cha kuungamia, akanivika vyombo vya kusikilizia, akafunga mlango. Akaniambia ninyanyue mkono kila nikisikia mlio, tutaanza na kulia. Kulia ilikwenda vizuri. Mlio, mkono, mlio, mkono, nikafurahi kama mtoto anayejua majibu. Kisha akaniashiria kupitia kioo kwamba sasa ni kushoto. Nikangoja. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Nikaona mkono wake unazungusha vitufe, nikadhani anatengeneza mashine. Nikangoja sana, na humo ndani kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia maishani. Mwisho alifungua mlango, nikamuuliza kama wako tayari kuanza. Akasema, "Manang, tumeshamaliza."

Ni mashine ya kukatia vyuma. Miaka kumi na saba nimeiegemezea bega la kushoto. Sikio la kushoto halirudi, la kulia ni zima, nikilitunza. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya karatasi hii. Kwenye simu nimechoka kujifanya mtandao ni mbaya.

Kwa hiyo hukutuuza. Neno hilo nalimeza mbele ya timu Jumamosi, lote, bila chumvi. Lakini mtu anayekataa kuchora tundu ni mtu anayejua kwamba lipo. Mimi nilijua Jumatatu. Kaye, mgeni, alijua Jumapili. Wewe ulijua tangu lini, ukaniacha nijione ngome wakati ni wewe uliyekuwa unaniegemeza? Ulifikiri ukiondoka ni nani atakayesimama kulia? Usiku nalala kwa ubavu wa kulia, sikio zima likiwa kwenye mto, na nyumba inazimika yote. Januari nilidhani ni kwa sababu haumo.

Hata hivyo, si hilo ninalokuandikia. Hilo ningeweza kukusamehe bila kukuuliza. Nimefika kwenye jambo lenyewe.

Jana hiyohiyo nilimweleza Nanay habari za daktari. Alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakushtuka. Alisema tu, "Ndiyo maana." Nikamuuliza ndiyo maana ya nini. Akasema kwamba mwezi wa Novemba alileta kahawa na keki za wali karakanani, nikiwa nakata nguzo za geti la shule. Romel alikuwa anagonga bati nyuma. Wewe ulikuwa umesimama karibu nami, na Nanay, akiwa mgongoni mwako na sinia, alikusikia ukisema, "Manang, nimepata kazi Manila. Ukisema nisiende, siendi." Anasema ulirudia mara ya pili, polepole. Mashine ilikuwa inazunguka bila kukata. Mimi nilikuwa nimeinama, natazama chuma. Ulingoja. Kisha ukavua glavu, ukaziweka juu ya meza, ukatoka kwenda barabarani.

Nanay alidhani nimekasirika, akaona ni ya ndugu wawili, asiyaingilie.

Felmar, mimi tangu Januari nimewaambia watu wote kwamba hukuniuliza. Nimemwambia padri. Nimewaambia wateja. Nimesema nililea mtu tangu ana miaka tisa, nikamfundisha kuchomelea na kurusha, na siku ya kuondoka nikajua kwa kuona begi mlangoni. Nimelirudia hadi limekuwa kama sala. Miezi hii yote limenishikilia wima.

Nilimuuliza Nanay ulisimama upande gani. Hakumbuki. Leo asubuhi, kabla vijana hawajafika, nimekwenda kusimama penye mashine, nikainama kama ninavyoinama. Kushoto kuna nafasi ya mtu. Kulia pia.

Kama ulisimama kushoto, basi wewe, ambaye miaka mitatu hukukanyaga upande ule hata kwa bahati mbaya, siku hiyo uliuchagua. Ulitaka kuwa umeniuliza bila mimi kukujibu. Ni woga, lakini ni woga ninaouelewa, kwa sababu ningekujibu vibaya.

Kama ulisimama kulia, basi nilikusikia. Sikumbuki kukusikia, naweza kuweka mkono juu ya kichwa cha Nanay nikaapa. Lakini najijua. Mimi ni mtu anayeweza kusikia jambo, akaendelea kukata chuma, na likishapita akaamini halikusemwa. Ikiwa ndivyo, hukuondoka bila kuaga. Nilikufukuza kwa mgongo, kisha nikautangazia mji mzima kwamba umenikimbia. Hapo Jumamosi sitakuwa na neno la kumeza tu. Nitakuwa na neno la kusema, kwao na kwako, na sijui kama ninalo.

Jessabel nimemwomba radhi, nyumbani kwao, mbele ya mama yake. Alisema sawa, Manang, yamekwisha, ila mechi ijayo yeye anakaa kulia na nisimfokee. Romel anakusalimu na anadai viatu vyake vyenye njumu ulivyoondoka navyo. Ging anakusalimu. Nanay anasema uvae kitu kizito ofisini, hewa ya mashine za baridi inaingia mifupani, na kwamba anakuombea kila alfajiri kwa jina lako kamili ili Mungu asichanganye na Felmar wa jirani. Mimi nakuombea kwa kifupi.

Usinipigie. Usinitumie picha ya kuchekesha. Sitaki maelezo ya zamu wala ya mwaka jana, na usinionee huruma ukanichagulia jibu jepesi, nitalijua. Mpe Wilma karatasi arudi nayo, au nitumie ujumbe, neno moja tu. Ulisimama kushoto au kulia? Jumamosi, kabla ya saa sita mchana.

Dada yako,
Rhodora